Saa Sita Usiku na Dakika Moja

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 1 Agosti 1981, wafanyakazi wa kituo kipya cha televisheni walifunga ofisi zao New York, wakavuka mto Hudson na kwenda kujibana katika mgahawa mmoja wa Fort Lee, jimbo la New Jersey. Walikwenda kutazama kazi yao wenyewe ikianza. Manhattan, walikokuwa na ofisi, kebo haikuwa imekubali kukirusha kituo chao, ikabidi waifuate kebo ilipo. Ilipotimu saa sita na dakika moja, kioo kilionyesha roketi ikipaa: picha za safari ya Apollo 11, mali ya umma, zisizomgharimu mtu hata senti. Mwanaanga akasimama mwezini kando ya bendera, na badala ya nyota na milia bendera ile ilibeba herufi tatu, MTV. Kisha ukaja wimbo wa kundi la Kiingereza liitwalo The Buggles, "Video Killed the Radio Star", unaodai kwamba video imemuua nyota wa redio.

Wengi wakisimulia kisa hiki hutikisa kichwa hapo, kana kwamba wimbo ule ulikuwa utabiri. Haukuwa. Ulikuwa na umri wa miaka miwili tayari, ulishashika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1979, na redio haikufa. Panda daladala yoyote ya Dar es Salaam asubuhi utaisikia ikiunguruma. Aliyekufa ni mwingine, na alikufa polepole hata jamaa zake hawakukumbuka ugonjwa ulianza lini.

Televisheni ya muziki ilizaliwa maskini. Usiku ule wa kwanza kioo kilikuwa kikibaki cheusi kwa sekunde kadhaa kila mtu wa mitambo alipotoa kanda moja na kuingiza nyingine. Maktaba nzima ya kituo ilikuwa na video mia mbili na ushee tu, na sehemu kubwa ya kushangaza ilikuwa ya Rod Stewart, kwa sababu ni mmoja wa wachache waliokuwa wamejisumbua kutengeneza. Kampuni za rekodi zilizitoa bure. Kwao video ilikuwa tangazo la sahani ya santuri, na nani amlipishe mtu anayemtangazia biashara? Huo ndio ulikuwa ujanja wa wenye kituo, kampuni ya Warner-Amex na kijana wake Robert Pittman aliyetoka kwenye redio: bidhaa ya kujaza saa ishirini na nne wanaipata bila kuinunua.

Walicholipia wao ni vijana watano wa kukaa mbele ya kamera: Nina Blackwood, Mark Goodman, Alan Hunter, J.J. Jackson na Martha Quinn. Kazi yao ilikuwa kujaza nafasi kati ya video na video. Walisema wimbo gani umepita, upi unakuja, msanii fulani yuko mji gani wiki hii, wakachekacheka kidogo, wakapisha matangazo. Wakati ule hakuna aliyeiona kazi hiyo kuwa na uzito. Nitairudia huko mbele, maana naamini ndiyo iliyokuwa moyo wa jambo lenyewe.

Mbona Waingereza walikuwa na video na Wamarekani hawana? Kwa sababu Uingereza ilikuwa na televisheni chache za taifa, na msanii aliyetaka kusikika alilazimika kuonekana huko, akiwa mwenyewe studio au akiwa safarini na kutuma picha. Mwaka 1975 kundi la Queen lilikuwa na wimbo mgumu kuimbwa jukwaani, "Bohemian Rhapsody", likapiga picha za kutuma kwenye televisheni. Picha za zile nyuso nne gizani zinakumbukwa mpaka leo. Uso wa mbele ni wa Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo ya video za muziki hayatuhusu, mpeleke Shangani, mtaa wa huko huko Mji Mkongwe.

MTV ilipoanza, ghala la Waingereza ndilo lililokuwa limejaa. Duran Duran walikwenda Sri Lanka mwaka 1982 kupiga "Hungry Like the Wolf" chini ya mwongozaji Russell Mulcahy, yule yule aliyeongoza video ya Buggles. Walirudi na misitu, tembo na mito, vitu ambavyo kijana wa Oklahoma hakuwahi kuviona vikifungamana na gitaa. Ndipo wauza sahani wa miji ya ndani ya Marekani, Tulsa na mfano wake, wakaanza kuulizwa rekodi ambazo redio za mji hazijawahi kuzipiga. Kampuni za rekodi zikafungua macho. Kabla ya hapo zilikuwa zikiwatazama vijana wa MTV kama waombaji.

Kilichobaki kilikuwa kuwalazimisha wenye kebo. Mwaka 1982 mtengeneza matangazo George Lois alibuni tangazo lililowaonyesha nyota wakidai kwamba wanaitaka MTV yao, na kuwaambia watazamaji wapige simu kwa kampuni zao za kebo. Mick Jagger alikubali kushiriki kwa malipo ya dola moja. Simu zikamiminika, na Manhattan nayo ikafunguka.

Lakini mlango huo uliofunguka kwa Waingereza ulikuwa umefungwa kwa Wamarekani weusi waliokuwa nyumbani kwao. Rick James alikuwa na "Super Freak", wimbo uliokuwa ukivuma Marekani nzima, na MTV iliukataa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kituo kinapiga rock, na huo si rock. Ni kweli kwamba redio za Marekani zilikuwa zimejigawa hivyo, za rock huku na za soul kule. Ila mgawanyo huo wenyewe ulifuata rangi ya ngozi, na kila aliyekuwa ndani ya biashara alilijua hilo. Mwanzoni mwa 1983 David Bowie, akiwa anahojiwa na Mark Goodman, aligeuza mahojiano: akamuuliza yeye Goodman kwa nini watu weusi ni wachache mno kwenye kituo chake, na kwa nini wale wachache wanaonyeshwa usiku wa manane. Goodman akajikanyaga, akazungumzia hofu ya watazamaji wa miji ya katikati ya Marekani. Bowie hakupandisha sauti. Ukiyatazama leo unaona aibu yote iko upande mmoja wa meza.

Machi mwaka huo huo "Billie Jean" ya Michael Jackson ikaingia kwenye mzunguko. Bosi wa CBS Records, Walter Yetnikoff, alisimulia baadaye kwamba alitishia kuziondoa video zote za wasanii wake wasipoipiga. Watu wa MTV wamekana siku zote. Husemwa pia kwamba Jackson ndiye mweusi wa kwanza kuonekana pale, na hilo si kweli. Musical Youth, watoto wa Birmingham, walishapita na "Pass the Dutchie". Alichofanya Jackson ni kuwaondolea kisingizio. Baada ya "Beat It" na hasa baada ya "Thriller", iliyozinduliwa Desemba 1983, hakuna aliyeweza kusema tena kwamba watazamaji wa Marekani watabadilisha chaneli wakiona uso mweusi.

"Thriller" inastahili sentensi mbili tatu zaidi. Iliongozwa na John Landis, mtu wa sinema, ikafika karibu dakika kumi na nne. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko ambavyo kampuni ya rekodi ilikuwa tayari kutoa. MTV ilikuwa na msimamo wa kutolipia video kamwe, kwani ingelipia moja, kesho kila kampuni ingekuja na ankara. Njia ikapatikana: ingelipia filamu ya jinsi "Thriller" ilivyotengenezwa, na fedha ziende huko huko. Kuanzia hapo video ikaacha kuwa tangazo la sahani, ikawa kitu ambacho watu wanakaa kukisubiri. Kituo kilitangaza saa itakayoonyeshwa, na nyumba zikajaa.

Kusubiri huko ndiko wanakokukumbuka watu wa umri wangu, na naona ni haki yao, mradi wasisahau nani aliachwa nje ya mlango wakati wao wakisubiri ndani.

Hip-hop nayo ilisubiri nje miaka mingine mitano. Kipindi cha "Yo!" kilianzia Ulaya, kwenye MTV Europe iliyozinduliwa Agosti 1987, kikiongozwa na Mfaransa Sophie Bramly. Mwaka 1988 Marekani ikakichukua, "Yo! MTV Raps", mtangazaji akiwa Fab 5 Freddy, na baadaye Ed Lover na Doctor Dré. Waliokitazama hawakuona video tu. Waliona mitaa, viatu, namna ya kuvaa kofia, namna ya kusalimiana. Ni kwa sababu Freddy alitoka studio akawafuata wasanii vichochoroni kwao.

Na hapa ndipo kisa kinapovuka bahari, kwa njia ya magendo ya heshima. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, jambo ambalo Wazanzibari hawajaacha kutukumbusha. Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu kuwa anasa isiyo na nafasi kwenye nchi inayochimba visima. Lakini waliokuwa na deki za video walikuwapo, na waliokuwa na ndugu Ulaya, Marekani au Ghuba walikuwapo pia. Kanda zilisafiri ndani ya masanduku ya wageni, zikiwa zimerekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye televisheni, na matangazo ya biashara humo humo. Kijana wa Upanga au Oysterbay angeweza kulijua tangazo la nafaka ya Kimarekani ambayo hataila maisha yake yote. Kanda ile ilinakiliwa, ikanakiliwa tena, mpaka rangi zikachujuka na sauti ikayumba. Shindano la kurap lililofanyika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 liliitwa Yo! Rap Bonanza, na jina hilo linajieleza lilikotoka. Saleh Jabir, aliyeshinda, alikuwa akizitia nyimbo za Kimarekani maneno ya Kiswahili, na watu wakagundua kwamba inawezekana.

Mwaka 1994 vituo binafsi viliruhusiwa Bara: CTN, ITV, kisha DTV. Kenya walitangulia, KTN ikiwa hewani tangu 1990. Vituo hivi vilikuwa na tatizo lile lile la MTV ya 1981, saa nyingi na vitu vichache vya kuonyesha, na dawa ilikuwa ile ile: video za muziki, bure. Kwa hiyo katikati ya taarifa ya habari na tamthilia, mara unamwona Koffi Olomide na wacheza shoo wake, mara Wenge Musica, mara Waafrika Kusini, mara Boyz II Men. Hakuna aliyekuwa amepanga mchanganyiko huo. Ulitokana na kanda zipi zimefika studio wiki hiyo. Lakini mchanganyiko ule ulitulea. Mtazamaji wa Tandale na wa Masaki walikuwa wakiona jambo moja kwa wakati mmoja, mmoja sebuleni kwake, mwingine dirishani kwa jirani.

Wasanii wa nyumbani walichelewa kuingia, na sababu ilikuwa fedha. Wimbo uliweza kurekodiwa kwa kubembelezana na prodyuza, lakini video ilitaka kamera, taa, gari la kuazima na mtu wa kuhariri. Zile za mwanzo za bongo fleva zinachekesha ukizitazama leo: ufukwe wa Coco, gari jeupe, miwani. Nairobi, waandaaji wa muziki Ogopa Deejays waliweka kiwango cha juu zaidi, na kwa miaka kadhaa Watanzania walitazama kaskazini kwa kijicho. Kituo cha Channel 5, ambacho leo ni EATV, ndicho kilichofanya video ya Mswahili iwe jambo la kila siku. Kilikuwa na vijana watangazaji waliozungumza kama mtaa unavyozungumza, kikafika Nairobi na Kampala, na kikawafanya Waganda, Wakenya na Watanzania wajuane sura. Kabla ya hapo tulijuana sauti tu.

Turudi New York kidogo, maana huko ugonjwa ulikuwa umeshaanza.

Video ya muziki ina kasoro kama biashara ya televisheni, na wenye MTV waliigundua mapema. Wimbo ni dakika nne. Ukija wimbo nisioupenda, nabonyeza rimoti, na huenda nisirudi. Tamthilia ya nusu saa humshika mtazamaji nusu saa, kwa kuwa anataka kujua mwisho. Mtangazaji wa biashara hununua nusu saa hiyo. Wimbo hauna mwisho wa kusubiriwa. Zaidi ya hapo, kila kituo kingine kilikuwa kinaweza kuipata video ile ile, kwa hiyo MTV ilikuwa duka linalouza bidhaa iliyo kwenye kila duka.

Mwaka 1992 Mary-Ellis Bunim na Jonathan Murray waliwaletea jibu. Kituo kilitaka tamthilia ya vijana, lakini waandishi na waigizaji ni ghali. Wao wakasema: tuwachukue vijana saba wasiojuana, tuwaweke nyumba moja SoHo, tuwapige picha wakiishi. "The Real World" ilianza Mei 1992. Ilikuwa rahisi, ilikuwa mali ya MTV peke yake, na watazamaji walibaki mpaka mwisho wakitaka kujua nani atagombana na nani. Kuanzia hapo kila mwaka muziki ulisogezwa kidogo: kutoka mchana kwenda asubuhi, kutoka asubuhi kwenda alfajiri.

Ndiyo maana simkubali anayesema YouTube iliiua MTV. YouTube ilianza 2005. Miaka kumi na mitatu kabla yake, wenye MTV walikuwa wameshauchoka muziki kwa hesabu zao wenyewe. Kilichokuja kuushikilia ni kipindi kimoja, TRL, kilichoanza Septemba 1998 katika studio yenye vioo juu ya Times Square. Watazamaji walipiga kura, nyimbo kumi zikapangwa, Carson Daly akazitangaza, na chini barabarani vijana walijazana wakipiga kelele kuelekea dirishani. Video zenyewe zilianza kukatwa katikati ili kupisha kelele hizo. Ajabu ya kituo cha muziki kinachokatiza muziki ili kuonyesha watu wanaoupenda! TRL ilifungwa Novemba 2008, na Februari 2010 maneno yanayosema hiki ni kituo cha muziki yakaondolewa kwenye nembo. Angalau hapo walikuwa wakweli.

Afrika, wakati huo huo, ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Channel O ya Afrika Kusini ilikuwapo tangu miaka ya 1990, na Februari 2005 ikazinduliwa MTV Base kwa ajili ya bara hili, ikiwa chaneli ya mia moja ya MTV duniani. Video yake ya kwanza ilikuwa "African Queen" ya 2Face Idibia wa Nigeria. Tuzo zao za Afrika zilianza Abuja mwaka 2008, na Wahu wa Kenya akaibuka msanii bora wa kike. Mwaka uliofuata zikafanyika Nairobi, na mumewe, Nameless, akawa bora wa kiume. Kwa wasanii wetu MTV Base ilikuwa mlango mpya, na mlango huo ulikuwa na bawabu wake. Alikuwa na masharti ya ubora wa picha. Video iliyopigwa kwa kamera duni, hata wimbo uwe unavuma kuanzia Mwanza mpaka Mombasa, ilirudishwa.

Ndipo safari za Afrika Kusini zilipoanza. Msanii wa Dar alijikusanya, akakopa, akapanda ndege kwenda kupigiwa video Johannesburg au Cape Town, kwa waongozaji ambao picha zao zilikuwa hazirudishwi. Diamond Platnumz alilielewa hilo kuliko wenzake wote. Mwanzoni mwa 2014 alitoa "Number One" upya akiwa na Davido, video ikaongozwa na Clarence Peters wa Nigeria. Mwaka 2015 akatoa "Nana" na Flavour, iliyoongozwa na Godfather huko Afrika Kusini. Julai mwaka huo, Durban, akachukua tuzo ya MTV ya msanii bora wa jukwaani, na Oktoba akashinda tena Milan, Italia. Alikiba naye alishinda tuzo ya Ulaya ya msanii bora wa Afrika mwaka 2016, baada ya kura kuhesabiwa upya na tuzo kuondolewa kwa Wizkid aliyekwisha kutangazwa. Mashabiki wa pande mbili waligombana kwa siku nyingi juu ya tuzo za kituo ambacho, huko kilikozaliwa, kilikuwa kimeshaacha kupiga muziki.

Watu hawalisemi sana hili, lakini mimi naliona ni chungu. Tulifika karamuni watu wanapokunja majamvi. Kiwango kile cha picha tulichokigharimia kwa mikopo kilikuwa kiwango cha jumba linalofungwa.

Dalili ya hilo ilikuwapo, na ilitoka Kampala. Mwaka 2014 watoto wa Ghetto Kids, wakiwa pekupeku kwenye vumbi, walicheza "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo mbele ya kamera ya kawaida. Video hiyo haikupita kwa bawabu yeyote. Iliwekwa YouTube, ikazunguka dunia, na mwaka 2015 Kenzo akapewa tuzo ya BET. Kabla ya hayo yote, Desemba 2012, Mkorea aitwaye Psy alikuwa amefikisha mitazamo bilioni moja kwa "Gangnam Style", wimbo ambao Marekani nzima iliupata kwenye simu na kompyuta kwanza, televisheni baadaye. Mwezi huo huo wa Desemba 2012 Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia. Antena za juu ya mabati zikawa mapambo, kila nyumba ikatakiwa kununua king'amuzi, na wengi wakaona kuliko kulipia king'amuzi afadhali kununua bando.

Mamlaka nazo zilichelewa kutambua kwamba lango limehama. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond. Zamani amri kama hiyo ingeuzika wimbo. Safari hii kila aliyesikia habari za kufungiwa alikwenda kuutafuta kwenye simu yake. Mwaka 2020 chaneli ya Diamond ikavuka mitazamo bilioni moja. Msanii wa leo wa Tandahimba hahitaji kumbembeleza mtangazaji yeyote. Hilo ni jambo jema, na mtu anayelilia enzi za zamani bila kulikiri hajawahi kuwa msanii aliyerudishwa mlangoni na kanda yake mkononi.

Basi kilichopotea ni kitu gani, ikiwa video zote zipo? Nimeijibu nusu tayari nilipowataja wale vijana watano. "Thriller" ipo, "Billie Jean" ipo, kila kitu cha Duran Duran kipo. Haipo ile nafasi ya katikati: mtangazaji aliyekosea jina, mzaha wake, tangazo la sabuni, salamu zilizosomwa hewani, wimbo usioutaka uliolazimika kuuvumilia ukingoja wako, ukaishia kuupenda. YouTube hukupa ulichokiomba na vinavyofanana nacho. Televisheni ilikupa usichokiomba, na kesho yake shuleni wote mlikuwa mmepewa hicho hicho. Mtu alikuwa amekichagua, mwenye jina na sura, tena mwenye upendeleo. Ukimkasirikia ulijua unamkasirikia nani. Leo anayechagua ni hesabu za kompyuta.

Na nafasi hiyo ya katikati haijahifadhiwa. Juni 2024 maelfu ya habari na mahojiano ya MTV News, kazi ya zaidi ya miongo miwili, yaliondolewa mtandaoni bila onyo. Tarehe 31 Desemba 2025 Uingereza ikazimiwa chaneli tano za muziki kwa mpigo: MTV Music, MTV 80s, MTV 90s, Club MTV na MTV Live. MTV yenyewe bado ipo Marekani, ikionyesha kwa wingi vipindi vya video za watu kuanguka na kugongana. Saa nyingi za MTV ya miaka ya themanini unazoweza kuzipata leo mtandaoni hazikutoka kwa kampuni. Zimetoka kwa watu binafsi waliobonyeza kitufe cha kurekodi sebuleni kwao, wakasahau kukizima.

Hali ya huku kwetu ni mbaya zaidi, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na studio zilirekodi juu ya kanda ile ile mara nyingi. Kipindi cha muziki cha mwaka 1996 kilifutwa ili kupisha mechi, mechi ikafutwa ili kupisha mkutano. Mahojiano ya kwanza ya wasanii ambao leo ni wazee wa bongo fleva na wa genge ya Kenya, sura zao wakiwa na miaka kumi na tisa, hayapo popote isipokuwa pale ambapo mtu alirekodi nyumbani.

Kwa hiyo nina ombi kwako, msomaji. Kama chini ya kitanda cha mama yako, Tanga au Kisumu au Bujumbura, kuna boksi la kanda za VHS zilizorekodiwa kutoka kwenye televisheni, usilitupe, na usirukishe matangazo utakapozihamishia kwenye kompyuta. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Deki zilizobaki zinakufa moja moja na mafundi wake wanazeeka. Utepe nao huota ukungu, hasa katika joto la pwani. Ifanye kazi hiyo mwaka huu.